Donge la Sabuni

Kabla sijajua figo iko upande gani wa mwili, nilikuwa tayari naiogopa. Jirani yetu wa pale Mutuini, huko Dagoretti, mzee aliyekuwa akitengeneza saa mjini, alikuwa na ugonjwa wa figo, na sisi watoto tulimwona akibadilika mbele ya macho yetu. Kwanza uso ulivimba. Kisha miguu ikakataa viatu, akawa anavaa kandambili hata kanisani. Halafu wakaanza kumpeleka mjini kwenye mashine. Hatukujua mashine hiyo inafananaje. Mimi nilifikiria ile ya kusaga unga pale dukani, nikamwona mzee anamiminwa juu na kutokea chini. Alipokufa ng'ombe wake walikuwa wameshauzwa wote, na watu wazima walitaja figo kwa sauti ile ile waliyotumia kumtaja mtu aliyejinyonga.

Hofu yangu ilianzia hapo. Mengine yote yalipokuja yaliikuta imeshaketi.

Nyumbani tulikuwa watatu. Kulikuwa na nyanya yangu, mzaa mama, ambaye kama watoto wengi wa Nairobi nilimwita shosho. Kulikuwa na mama. Na kulikuwa na mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja niliyebeba jina la shosho na, kwa maneno ya watu, ukaidi wake pia. Baba alikuwa hadithi fupi ambayo haikusimuliwa. Shosho alikuwa na kishamba, ng'ombe mmoja na vyumba vichache vya kupangisha. Mama alifanya kazi mjini, katika ofisi ya kuuza tiketi za ndege, kwenye kile kiti cha mbele ambacho mteja akifungua mlango anakuona wewe kwanza. Aliamini kwamba mwanamke mweusi hakai muda mrefu kwenye kiti kile, na sidhani alikosea sana. Kwa hiyo alikuwa na sabuni yake.

Ilikuwa sabuni ndogo ya rangi ya waridi, imefungwa kwa karatasi yenye picha ya mwanamke asiyefanana na mtu yeyote wa Dagoretti. Aliinunua upande wa chini wa mji, katika duka ambalo muuzaji aliitoa chini ya kaunta, kwa kuwa sabuni za aina hiyo zilikuwa zimepigwa marufuku. Mama hakujiuliza ni kwa nini. Kwetu kitu kikipigwa marufuku watu hudhani kina nguvu sana. Aliiweka juu ya kabati chumbani kwake, na huko huko chumbani akaoga nayo kwenye karai kabla ya kwenda kazini.

"Hii si ya watoto," aliniambia. "Nikikupata nayo utanitambua."

Sikuigusa. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu baadaye hakuna aliyeniamini.

Na ilifanya kazi, tusidanganyane. Uso wa mama ukafunguka hadi vijana wa stendi wakaanza kumwita rangi ya thao, yaani mweupe kama noti ya elfu moja. Ni masikio tu na vifundo vya vidole vilivyobaki kama Mungu alivyoviacha. Shosho alimtania wakati wa chai.

"Uso umeenda Ulaya," alisema, "vidole vimekosa pasipoti."

Mama hakucheka. Ila hakuacha.

Shosho mwenyewe alikuwa hatupi kitu. Mifuko ya nailoni aliiosha akaianika kwenye ua. Magunzi ya mahindi yalikuwa kuni. Tukishavuna maharagwe alirudi shambani peke yake, ameinama, mstari kwa mstari, akiokota punje zilizodondoka, na ole wako umwambie aziache kuku wale. Hata sabuni hakuitupa. Kipande kikishakuwa chembamba kama ukucha alikilowesha, akakibandika juu ya kingine na kuvifinyanga pamoja, akaongeza kingine na kingine, mpaka likawa donge kubwa kama yai la bata, jeupe huku, la buluu kule, la kijani pembeni. Nyumba nyingi za majirani zilikuwa na donge kama hilo. Letu lilikaa kwenye bafu la mabati nje, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu ili maji yachuruzike. Mimi niliogea hilo, kuanzia uso hadi kisigino; shosho, asilimalize, alinawia mikono na miguu tu.

Mwaka ambao elimu ya bure ilijaza darasa letu hadi tukabanana kwenye madawati, mikono ya mama ilianza kutetemeka. Chai ilimwagika kwenye sahani ya kikombe. Alilalamika kwamba mdomoni mwake kuna ladha ya sarafu, kwamba usingizi umemhama, na alikuwa mkali, akifoka kwa sababu ya mwiko uliowekwa vibaya. Akaenda kwenye kliniki moja karibu na Dagoretti Corner. Wakampima presha na sukari, wakachovya kijiti cha karatasi kwenye mkojo wake, kijiti kikabaki na rangi ile ile. Hakuna protini kwenye mkojo, wakamwambia, figo ni nzima. Mama alirudi na mandazi ya moto na furaha ambayo haikufika Jumapili, kwa sababu kanisani mkono ulimtetemeka hadi akaangusha kikapu cha sadaka.

Wakati huo huo mimi nami nilikuwa nabadilika, nikizidi kuwa mweupe, na kila mtu alifurahia. Akina mama wa kanisani walinishika kidevu wakinigeuza huku na huku. Mtoto anatoa rangi, walisema, atakuwa mrembo kama mama yake. Hakuna aliyeona kwamba nilikuwa nakunywa maji kama ndama na kuomba ruhusa ya kwenda msalani hadi mwalimu akachoka na mimi. Siku moja alininyima. Sitasimulia kilichofuata.

Mwenzake mama kazini, ambaye naye alikuwa na uso wa aina ile, ndiye aliyempeleka kwa daktari mmoja mjini, mwanamke, mtaalamu wa figo, aliyekuwa akiwatafuta wanawake wa sabuni. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilienda nao. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiangalia picha ukutani ya figo mbili zilizopasuliwa kama maparachichi. Figo. Nikashika ubao wa kiti kwa mikono yote miwili.

Daktari hakumtazama mama usoni. Aliushika mkono wake, akaugeuza, akaangalia vifundo vya vidole.

"Ni sabuni ama ni krimu?" akauliza.

"Sabuni," mama akajibu, chini chini.

"Iko na zebaki. Unajua zebaki? Ile inang'aa ndani ya kipimajoto. Inaingia kwa ngozi, inaenda mpaka kwa figo, inakaa huko."

"Lakini nilipimwa, daktari. Kijiti kilikuwa safi kabisa."

Daktari alivuta kiti karibu. Nakumbuka alivyoongea, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kuwaeleza wengi. Alisema damu ikifika kwenye figo huchujwa. Protini kubwa hazipiti kwenye chujio, na kijiti cha kliniki huzitafuta hizo kubwa tu. Lakini kuna protini ndogo sana, ambazo hudondoka kupitia chujio kila siku, kwa kila mtu.

"Sasa, nyuma ya chujio kuna mirija, myembamba kuliko unywele," alisema. "Kazi ya hiyo mirija ni kuokota. Kitu chochote cha maana kimedondoka, inaokota na kurudisha kwa damu. Ikiumizwa, inaacha kuokota. Zile protini ndogo zinaenda na mkojo, na kijiti hakizioni. Mimi ndizo natafuta."

"Na isipookota?" mama aliuliza.

"Ikikaa hivyo muda mrefu, figo yote inachoka."

Mama hakuuliza tena. Hakuwa na haja, na mimi vilevile. Sote wawili tulikuwa tumehudhuria mazishi ya fundi wa saa.

Kisha daktari akaniangalia. Aliniangalia uso, akauliza ninasoma darasa la ngapi, akauliza kama nina kiu. Nikasema nina kiu kila wakati. Mama akasema mimi sigusi ile sabuni, ameiweka mbali, mimi nimetoa rangi tu kama watoto wengine.

"Basi hatapoteza kitu akipimwa," daktari akasema.

Kila mmoja wetu alipewa kikombe cha maji yaliyokorogwa soda ya kuokea, ile nyeupe ya unga. Mkojo ukiwa na asidi, alieleza, unazila hizo protini ndogo kabla hazijafika kwenye maabara, na jibu linatoka safi kwa uongo. Maji yale yalikuwa na ladha ya keki iliyoharibika. Tukangoja. Tukaingia mmoja mmoja, tukatoka na chupa zetu zimefungwa, na muuguzi akazipanga kwenye sanduku lenye barafu. Yangu ilikuwa na joto. Niliona aibu kwa joto lile kana kwamba nimefanya kosa.

Majibu hayakuwa ya kesho wala keshokutwa, kwa sababu kipimo chenyewe hakikuwa cha kila maabara. Tulingoja wiki nyingi. Sijui kama nimewahi kuogopa tena namna ile, na nimeogopa mengi tangu wakati huo. Mtoto akiogopa simba anaweza kukimbia. Mimi nilikuwa naogopa kitu kilicho ndani ya mgongo wangu, nikaenda nacho dukani, nikalala nacho. Nilichuchumaa kwenye choo cha nje nikichungulia povu, nikijiuliza kama povu hilo ni mimi ninayedondoka. Asubuhi nilibonyeza shavu nione kama kidole kinaacha shimo. Niliomba pia, lakini hata maombi yenyewe niliyaogopa, maana fundi wa saa aliombewa na kanisa zima.

Shosho alipoona nimeacha kucheza alinikalisha jikoni. Nikamwambia mwili wangu huenda unatupa protini. Hilo neno alilijua, kwa sababu alikuwa amenisikia nikikariri masomo ya shule: protini ni vyakula vya kujenga mwili. Mwili ukitupa kitu, basi uongezewe. Akaanza kunilisha mayai. Yai asubuhi, yai jioni, maharagwe, ndengu, maziwa yenye malai juu, mpaka kuku wakawa wananiangalia vibaya. Nilikula yote. Ningekula hata kuku mwenyewe pamoja na manyoya kama angeniambia nitapona.

Tuliporudi kwa daktari alisoma majibu ya mama kwanza. Protini ndogo zilikuwepo. Mirija yake imeumia. Halafu akasoma yangu, akasoma tena.

"Za mtoto ni nyingi kuliko zako," alimwambia mama.

Mama aligeuza kichwa akanitazama. Nilitegemea kuona huruma. Niliona kitu kingine, na kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua anachofikiri.

"Umekuwa ukipanda kwa kabati," alisema.

"Sijapanda."

"Usinidanganye mbele ya watu. Uso wako huo umejipaka wenyewe?"

Daktari akamwambia haisaidii kugombana. La muhimu ni sabuni itoke nyumbani leo hii. Alisema mirija ya figo ina tabia nzuri, ikiachwa bila sumu huota upya, hasa kwa mtoto. Turudi baadaye tupimwe tena. Mama akaitikia huku bado ananitazama.

Siku ile ile alichukua sabuni mbili zilizokuwa juu ya kabati, moja haijafunguliwa hata karatasi, akazitumbukiza chooni. Aliniita nishuhudie. Nadhani alitaka kuona kama nitasikitika, na kwa kuwa nilikuwa nalia kwa sababu nyingine kabisa, alichukua machozi yale kuwa ushahidi.

Shosho peke yake ndiye aliyenitetea. "Mtoto wangu haibi," alisema, na mama akamjibu kwamba shosho hajui watoto wa siku hizi. Hawakuelewana hadi chakula kikapoa. Shosho, ambaye mambo ya mirija hakuyaamini sana, alikuwa na dawa yake: aliamini ugonjwa hupenda uchafu. Kuanzia hapo hakuniacha nioge mwenyewe. Aliniogesha yeye, asubuhi na jioni, akinisugua kwa donge la sabuni na kipande cha gunia hadi ngozi ikawaka moto.

"Mwili ukiwa safi, damu nayo inatii," aliniambia. "Simama vizuri, kairitu, msichana wangu."

Nilisimama vizuri. Mikono yake ilikuwa migumu na ilinituliza. Katika majuma yale yote, ndani ya bafu lile la mabati, wakati wa kuogeshwa tu ndipo sikuogopa.

Tukapimwa tena. Tukanywa tena ile soda, tukatoa tena chupa, tukangoja tena. Majibu yalipokuja, ya mama yalikuwa yameshuka. Hata mkono wake ulikuwa umeanza kutulia, aliweza kubeba kikombe. Yangu yalikuwa yamepanda.

Hapo daktari naye aliacha kutabasamu. Aliuliza kuhusu dawa za miti shamba, kuhusu maji ya kisima, kuhusu rangi za nyumba na betri za zamani. Mama akajibu hapana, hapana, hapana. Mimi nilikuwa siwasikii vizuri. Nilikuwa nahesabu kwa namna yangu: mama ameacha sabuni, amepona. Mimi sikuwahi kuanza, kwa hiyo sina cha kuacha. Kama huna cha kuacha utaponaje? Hapo ndipo nilipoamini kwamba ninakufa. Nililiamini jambo hilo kwa utulivu wa ajabu, nikawaza nitamwachia nani sare yangu ya shule, ambayo bado ilikuwa mpya.

Mama yeye aliamini jambo lingine, kwamba nina akiba nimeificha. Tulipofika nyumbani aliumwaga mkoba wangu sakafuni. Akapapasa godoro. Akashika mabega yangu, na sasa hakuwa na hasira tena, alikuwa ananisihi, uso wake karibu na wangu.

"Nionyeshe tu. Sitakupiga. Nionyeshe iko wapi."

"Hakuna, mama."

Akanipiga kofi. Halafu akakaa kitandani akajishika kichwa, akalia kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo. Niligundua siku ile kwamba mama yangu ananiogopea kuliko nilivyokuwa nikijiogopea mwenyewe, na hilo halikunifariji hata kidogo. Nilizoea kuamini kwamba juu ya hofu yangu kuna mtu asiyeogopa.

Daktari alikuwa amesema nirudi Jumatatu, achukue na damu. Jumamosi mchana shosho akaamua kuniogesha kwa ajili ya safari hiyo, kwamba nisimtie aibu mbele ya watu wa hospitali. Akanisimamisha juu ya jiwe la bafu. Donge lilikuwa limepungua kwa kutumika sana, na alilisugua shingoni mwangu mpaka povu likaniziba masikio. Mama akaja na sufuria ya maji ya moto kutuongezea. Aliinua gunia lililokuwa mlango wetu, akainama kuweka sufuria, akainua macho.

Donge lilikuwa mkononi mwa shosho, limelowa, linang'aa kwa jua la mchana. Tabaka za juu zilikuwa zimeliwa na kuoga. Katikati yake, kutoka upande hadi upande, kulikuwa na ukanda mnene wa rangi ya waridi, kama mafuta katikati ya nyama.

"Hiyo ya waridi umeitoa wapi?" mama akauliza.

"Hapo nyuma, kwa nepia," shosho akasema bila kuacha kusugua. Nepia ni majani tuliyomkatia ng'ombe, na mama alizoea kumwaga huko maji ya karai lake kila asubuhi. "Wewe unamwaga maji na sabuni ndani yake, kama tajiri wa Karen. Mimi nimekuwa nikiziokota tangu uanze kuzinunua. Zinanukia vizuri. Nikasema huyu mtoto naye anukie."

Kulikuwa na fahari katika sauti yake. Alikuwa amengoja muda mrefu kumwonyesha binti yake maana ya kutotupa vitu.

Mama aliiacha sufuria hapo chini. Alilichukua karai la maji baridi akanimwagia kichwani, akachota ya moto akanimwagia, yakaniunguza, akachota tena, akinipangusa povu usoni, shingoni, makwapani kwa mikono mitupu. Aliendelea kunisuuza maji yalipoisha, mikono mikavu ikipita juu ya ngozi yangu, mpaka nikamwambia mama, nimetakata.

"Hukupanda kwa kabati," alisema.

"Nilikwambia."

Shosho alikuwa amesimama kando, mgongo kwenye mabati, donge mkononi.

"Kwani nimefanya nini?" aliuliza.

Sisi wawili tulimtazama.

Mama wa kwetu haombi mtoto msamaha. Jioni ile alipika chapati bila kuwa na mgeni, akaniwekea ya kwanza, ile yenye mafuta zaidi. Shosho hakula. Alikuwa ameelezwa tayari, na alikaa mlangoni akiangalia viganja vyake.

Jumatatu tulienda watatu. Shosho alivaa kitambaa chake cha kanisani na kubeba donge lenyewe, limefungwa ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Mfuko wa pili haukuwa wa lazima, na nilijua alivyoithamini mifuko yake. Daktari alilipokea, akaliangalia, akatikisa kichwa pole pole. Hakumlaumu mtu. Alimwomba shosho naye atoe mkojo, na shosho akanywa ile soda bila kukunja uso. Wake baadaye ulikutwa na dalili kidogo, za mikono ya kuogesha, lakini yeye mambo yake hakutaka kuyasikia.

Alichotaka kusikia ni kuhusu mirija. Alimwomba daktari aeleze tena, polepole, na mama akimtafsiria kwa Kikuyu pale Kiswahili kilipompita.

"Inaokota," shosho akasema.

"Ndiyo, shosho. Inaokota vitu vizuri vilivyodondoka."

"Na hiyo sumu?"

"Hiyo pia inaipata hapo njiani, inaiokota. Haijui tofauti. Ndiyo maana inaumia yenyewe kwanza."

Shosho alifikiri.

"Kwa hivyo ubaya wake ni kuokota."

"Si ubaya, shosho," daktari akasema. "Ndiyo kazi yake."

Nilimwona shosho akifunga na kufungua pindo la leso yake. Nilitamani daktari aseme kitu kingine zaidi, chochote, lakini alikuwa ananiangalia mimi, mgonjwa wake.

Sasa nilikuwa na kitu cha kuacha. Tukaogea sabuni ya kawaida ya mche, ile ya kufulia. Lakini hofu haikuondoka na donge. Daktari alikuwa amesema mirija huota upya, hakusema lazima. Nilipimwa tena, protini zilikuwa zimeshuka, nikafurahi nusu. Nikapimwa tena. Kila mara kabla ya majibu nilimwona fundi wa saa na kandambili zake, anatembea mbele yangu kwenda kwenye ile mashine, hageuki nyuma. Kiu ikapungua. Uso wangu ukarudi rangi yake, na akina mama wa kanisani wakanipa pole kwamba jua limenichoma.

Majibu ya mwisho tuliyapata wakati wa kuvuna maharagwe. Daktari alisema hakuna kinachodondoka zaidi ya kwa mtoto mwingine yeyote. Mama aliuliza mara tatu kwa maneno tofauti, na alipojibiwa mara ya tatu alikaa ghafla kama aliyesukumwa. Kwenye kiti cha mbele cha ofisi aliendelea kukaa, akiwa na uso wake wa zamani, na hakufukuzwa. Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angefukuzwa.

Tuliporudi shosho alikuwa shambani. Maharagwe yalikuwa yameshang'olewa na kupigwa, na ardhi ilikuwa tupu. Nilimkimbilia nikiwa bado na nguo za kwenda mjini.

"Wamesemaje?" akauliza.

"Nimepona, shosho. Mirija inaokota tena."

Aliniwekea mkono kichwani, akauacha hapo kwa muda. Kisha akautoa, akautazama.

"Afadhali yenyewe," alisema. "Mimi siokoti tena."

Nilidhani ni maneno tu. Lakini aligeuka kurudi nyumbani, na mbele yake, kwenye kila mstari, maharagwe yaliyodondoka yalikuwa wazi juu ya udongo, mekundu, mazima. Alipita juu yake. Aliyaona, kwa maana nilimwona akiyaona. Hakuinama.

Hofu niliyoisikia pale ilikuwa kubwa kama ile ya chupa na barafu, na sikujua daktari gani wa kuipelekea. Nikakunja sketi yangu ikawa mfuko. Nikaanza kwenye mstari wa kwanza, nyuma yake, nikaokota.